Mbuzi Watatu na Tovuti ya Kisiwani

Jumanne, 4 Novemba 2025

Mvua tangu asubuhi. Stima imepotea mara mbili, bando limekwisha mara moja, na bado kuna mtu kule kisiwani ananiandikia kwa herufi kubwa: MUTHOKOI UNAPATIKANA WAPI HUKU? Ndugu yangu, uko kwenye kisiwa cha watalii, ng'ambo ya bahari kutoka kwa mama yako. Hakuna muthokoi! Nimemjibu kwa adabu kwamba duka lililo karibu na bandari huleta mahindi makavu, atwange mwenyewe atoe maganda.

Ndiyo kazi yangu hii. Nilifua mashuka ya hoteli kule miaka sita, nikarudi na mgongo mbovu. Sasa ni mwaka wa tatu naendesha Sisi Kisiwani nikiwa hapa Machakos, chumba cha juu, chini yangu duka la nafaka. Tovuti ya Wakenya wanaofanya kazi kule. Basi la alfajiri linasimama wapi. Kliniki ipi haikufokei. Misa iko saa ngapi. Nani amefariki. Na ajenti gani wa huku nyumbani anaaminika. Siko chini ya ubalozi, wala hoteli, wala chama. Huwa najisifu hivyo kila nikipata nafasi — tovuti huru!

Ujumbe wa mwisho wa leo umeniharibia chakula. Msichana anaitwa Wakiuru, kwao Katangi, alienda Agosti. Aliahidiwa hoteli. Badala yake yuko kwenye nyumba za kukodisha za matajiri, anaosha vyoo kumi na vinne kwa siku, analala na wenzake sita ndani ya kontena. Paspoti iko kwa kampuni. Ajenti wao ni Levi Maundu wa Athi River. Mwisho ameandika: "Auntie, nilimchagua juu ya ile alama yako ya kijani."

Alama ya kijani naiweka mimi, kwa ajenti niliyemchunguza. Levi nilimpa mwezi wa Mei. Nilimchunguza kidogo. Alikuwa mcheshi, alinibebea jenereta mpaka ghorofani, na alikuwa amemwambia mdogo wangu Mbinya, anayekaa mapokezi ofisini kwake, kwamba anataka kumwoa. Daftari hili halisomwi na mtu, ya nini kujidanganya? Nilimpa kwa sababu ya Mbinya.

Jumamosi hii Levi analeta mbuzi wa ntheo, wa kumposa Mbinya, nyumbani kwetu Wamunyu. Mungu wangu.

Jumatano, 5 Novemba

Kanuni yangu ni moja. Siandiki ubaya wa mtu mpaka watu watatu waniambie jambo lile lile bila kushauriana, na mpaka nimpigie mwenyewe ajitetee. Leo nimepata wawili wengine. Mmoja ni Gatimu, dereva kule, ndiye huwapeleka hao wasichana kazini. Anasema kontena ameliona kwa macho yake na halina dirisha. Wa tatu alinitumia sauti akinong'ona, nadhani alikuwa amejifungia chooni. Anasema walisaini karatasi mbili. Ya kwanza ya hoteli, wiki kadhaa kabla ya safari. Ya pili siku yenyewe ya kuondoka, mabegi yakiwa mlangoni. Walidhani ni fomu ya ndege. Hiyo ya pili ndiyo iliyowafunga.

Kumi na mmoja wengine wanaondoka Alhamisi ijayo, tarehe 13. Tangazo la safari yao liko kwenye tovuti yangu. Nimeliweka mimi. Tena na picha!

Alhamisi, 6 Novemba

Nimempigia Levi.

"Shem! Nilijua tu utanipigia juu ya mbuzi."

Nikamwambia si mbuzi. Akanisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa. Halafu akaanza. Wasichana wa siku hizi wanataka kufika na kukaa beach. Mabadiliko yalifanywa na kampuni ya kule, yeye anayashughulikia. Nikamuuliza, na karatasi ya pili? Nikasikia mtu akifunga mlango.

"Shem, hiyo tutaongea kama watu wa nyumba moja. Si tunaonana Jumamosi?"

Hakukana. Mtu akisingiziwa hupiga kelele. Huyu alinibembeleza. Nilikasirika mpaka nikaunguza maharagwe.

Ijumaa, 7 Novemba

Wamunyu. Mama amepaka ukuta rangi, upande wa mbele tu, ule wageni wataona. Shamba limepandwa, mahindi yametokeza vizuri. Mbinya alikuwa ametoka kusuka, anazunguka na kitambaa kichwani akiimba. Ana miaka thelathini na minne. Sikuwa nimemsikia akiimba tangu Baba afe.

Nilimweleza Mama jikoni, yote. Hakusema ni uongo. Aliendelea kuchambua mchele.

"Munyiva, hiyo mambo yako ya simu ilianza juzi. Huyu mtoto amengoja miaka ngapi?"

"Mama, kuna wasichana kumi na mmoja."

"Wanaenda lini?"

"Alhamisi."

"Basi andika Jumatatu. Wacha hiyo mbuzi iliwe kwanza, watu waende kwao."

Nikakubali. Ni siku tatu tu, bado kuna nafasi. Na nilitaka Mbinya apate siku yake.

Lakini nimejiwekea mpaka: nyama sitakula. Kwetu ukila nyama ya ntheo umemkubali mkwe. Huwezi kumla mbuzi wake Jumamosi halafu Jumatatu ukamtangaza mwizi, watu watakuuliza meno yako yalikuwa ya nani. Nisipokula, niko huru kuandika. Hivyo ndivyo nilivyojipangia.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimekula.

Walikuja saa tano, magari manne, mbuzi watatu, dume na majike wawili. Wanaume wakamchinja dume nyuma ya nyumba. Mimi nikajipa kazi: kuni, maji, vikombe, tena maji. Kila sinia likipita nilikuwa na mikono imejaa. Nilidhani nimeponyoka. Kumbe Mjomba Musili, kaka yake Mama, ndiye aliyekuwa akisimamia mambo, na jicho lake halikosi kitu.

"Dada mkubwa hajaonja!" akasema mbele ya wote.

Watu wakacheka. Levi hakucheka, aliangalia chini, kwa heshima kabisa. Mama akaniletea sahani yeye mwenyewe. Mbinya alikuwa ameketi katikati ya shangazi zetu, na gauni la kijani, ananiangalia. Hakuwa ananiomba. Alikuwa ameogopa tu.

Nilikula kipande cha ini. Halafu cha pili, kwa sababu chumvi ilikuwa imekolea na nilikuwa sijala tangu jana. Wanawake wakapiga vigelegele. Nilikuwa mjinga kuja. Ningebaki Machakos niseme naumwa mgongo, na isingekuwa uongo.

Jumapili, 9 Novemba

Sikuenda kanisani. Nimerudi mjini, nimelala mchana kutwa. Sijisikii mtu.

Jumatatu, 10 Novemba

Siku niliyoahidi kuandika. Niliandika. Saa nane makala ilikuwa tayari: watu watatu, jibu la Levi, tarehe ya ndege. Nilihitaji ile karatasi ya pili tu. Nikamwomba Wakiuru. Akasema kuna mwenzake aliyemfichia nakala yake ndani ya soksi, angeipiga picha wakati wa mapumziko.

Ilifika saa kumi. Kurasa mbili zimekunjamana, lakini kila neno linasomeka. Mfanyakazi hataruhusiwa kubadilisha mwajiri. Paspoti itahifadhiwa na kampuni. Nyumba za wageni, si hoteli. Chini kabisa sahihi ya Wakiuru, ya haraka. Kando yake, shahidi: Mbinya Musembi.

Nambari ya kitambulisho. Sahihi yake, ile M yenye mkia mrefu. Mimi ndiye nilimfundisha kuiandika kwenye meza ya jikoni.

Sikupandisha makala. Nimefunga kompyuta nikaenda kununua sukari, na sukari iko.

Jumanne, 11 Novemba

Nimeenda Athi River. Nilimngoja Mbinya nje ya ofisi mpaka saa ya chakula, tukaketi kwenye benchi la mama mmoja anayeuza githeri. Vumbi la simiti kila mahali, hata mvua ya juzi haijaliosha. Nikamwonyesha picha kwenye simu. Hakuigusa.

"Uliisoma kabla ya kuweka sahihi?"

"Naambiwa shahidi aweke, naweka."

"Mbinya."

Akakoroga githeri yake. "Ya kwanza kabisa nilisoma. Ya wale wa Februari. Nikamuuliza Levi, akasema hizo ni mambo za huko, wakifika watazoea." Halafu akaniangalia. "Wewe si ulizoea?"

Nilitaka kumzaba kofi. Pia nilitaka kulia, kwa sababu ni kweli, nilizoea. Kila nilipopiga simu nyumbani nilisema kazi ni nzuri. Miaka sita! Ni nani alimfundisha kwamba mtu huzoea?

Nikamwambia lazima niandike kabla ya Alhamisi. Hakunikataza. Alisema, "Ukiandika, wataanza na mimi. Levi ako na wakili. Mimi niko na nani?"

Akaenda kuosha mikono, akarudi kazini. Kazini! Wale kumi na mmoja bado hawajasaini karatasi ya pili. Watasaini Alhamisi asubuhi, na yeye ndiye atakayewashikia karatasi na kuweka sahihi ya shahidi.

Jumatano, 12 Novemba

Mjomba Musili amepiga simu alfajiri. Mama amemwambia. Maneno yake yote yalikuwa moja: umekula mbuzi ya watu. Nikamwambia najua, Mjomba, nilikuwa hapo. Akasema nikiaibisha mkwe nimeaibisha meza niliyokulia, na kama nilikuwa na neno ningelisema Jumamosi kabla kisu hakijapita. Hapo hakukosea. Ningelisema Jumamosi. Nilinyamaza kwa sababu ya ntheo, na sasa kunyamaza kwangu ndiko wanakonishikia.

Saa nne nimepandisha makala.

Nimeondoa alama ya kijani. Nimeondoa tangazo. Nimeandika kwamba mhariri alikosea, kwamba alimpa Levi Maundu alama bila kumchunguza vya kutosha. Sikuandika kwa nini. Nimeweka kurasa zote mbili za karatasi, na pale kwa shahidi nimechora kisanduku cheusi. Jina, nambari, sahihi, vyote vimefunikwa.

Miaka mitatu sijawahi kufunika jina la mtu aliyekosa. Nilijiambia yeye ni mfanyakazi tu, ametumwa. Lakini juzi niliandika jina la karani wa bohari aliyeuza magodoro ya wafanyakazi, naye alikuwa ametumwa. Alikuwa na dada pia, nadhani. Sikuuliza.

Nimewatumia wasichana wale makala, kila niliyepata nambari yake. Tisa kati ya kumi na mmoja. Alama mbili za bluu kwa saba, yaani wamesoma. Hakuna aliyejibu isipokuwa mmoja, Wagaki: "Auntie na tayari nimeaga kanisani."

Alhamisi, 13 Novemba

Wanne hawakupanda. Saba wamepanda. Wagaki amepanda.

Alinipigia kutoka uwanja wa ndege. Alisema mama yake amelia sana, wamepigwa picha na padri, na sasa atarudi nyumbani awaambie nini? Nikamwambia asisaini kitu. Akasema walishasaini asubuhi. Nikauliza ni nani aliyewashikia karatasi. Akasema ni Levi mwenyewe, yule dada wa mapokezi leo hakuja kazini. Kisha akasema ameitwa, na simu ikakatika.

Nilifurahi. Hebu niandike hivyo hivyo. Saba wanaenda kwenye kontena lisilo na dirisha, na mimi nilifurahi kwamba leo sahihi si ya Mbinya.

Amekuja hapa saa sita, na begi moja. Hajapokea simu za Levi. Alivua viatu, akalala kwenye kitanda changu na nguo zake zote. Nimempikia ugali na sukuma, sasa anakula, na mimi naandika upande wa pili wa meza ili nisimwangalie.

Makala imesomwa kuliko kitu chochote nilichowahi kuweka. Kule wanaisambaza hoteli kwa hoteli. Gatimu ameniambia wasichana wawili wameenda ubalozini nayo mkononi. Vizuri. Lakini maoni karibu yote yanauliza kitu kimoja: shahidi ni nani? Mbona mmefunika? Mmoja ameandika, "Hata nyinyi mmenunuliwa."

Halafu Wakiuru, dakika kumi zilizopita. Kwenye tovuti natumia jina moja tu, Munyiva, kwa hiyo hajui kwamba shahidi ni mdogo wangu. "Auntie, mimi nilikutumia karatasi ikiwa nzima. Huyo dada ndiye alituambia sainini tu gari inangoja. Mbona unamficha? Ni mtu wako?"

Sijamjibu. Picha nzima iko kwenye kompyuta. Ni kubonyeza mara mbili tu. Naye Wakiuru akichoka kungoja ataiweka mwenyewe, na hapo nitakuwa nimempoteza Mbinya na tovuti kwa siku moja.

Mbinya ameacha kula. Ameuliza, "Watu wanasema nini?"

Nimemwambia neti imepotea. Simu yangu iko mezani kati yetu, inatetemeka kila mara, na yeye anaitazama.