Kofia ya Kobe

Jumatatu, 3 Machi

Tumerudi kutoka kliniki ya meno. Wote wazima! Naandika hilo kwanza, maana asubuhi niliogopa kuliko watoto.

Pacha wangu wana miaka mitano na meno yao ya utotoni yameshaoza. Kasuku manne, Kobe matatu. Baba yao ndiye aliyewabandika hayo majina: mmoja hafungi mdomo, mwingine haufungui. Kobe haufungui kwa sababu yangu. Mwaka jana alipong'olewa jino kwenye zahanati, mimi ndiye niliyemshika mikono yote miwili. Nilimwambia haitauma. Iliuma. Tangu siku hiyo akiona tu koti jeupe anabana midomo.

Daktari wa huko ni mama wa makamo, mfupi, viatu vya mpira vya kijani. Wanafanya utafiti wa kulinganisha njia tatu za kutibu meno ya watoto bila sindano wala mashine ya kuchimba. Kupaka dawa inayozuia uozo na kuacha doa jeusi. Kuchokoa uozo kwa kijiko kidogo cha mkono, halafu kuziba. Au kulivalisha jino kofia ya chuma, uozo ufungiwe humo humo ukose chakula. Nikamuuliza ipi bora. Akasema, sijui, ndiyo maana tunalinganisha. Daktari anayesema hajui! Nikampenda hapo hapo.

Njia inachaguliwa kwa bahati, kwa bahasha iliyofungwa ya kila mtoto, mzazi hana kauli. Kasuku akapata dawa. Kobe kofia.

Kasuku amepakwa leo leo, hata dakika tano hazikufika. Akatangaza kwamba dawa ina ladha ya kufuli. Sijui amelamba kufuli lini.

Kobe hakufungua. Daktari hakumlazimisha, hata sauti hakupandisha. Alimpa kofia moja ya ziada aende nayo nyumbani. Inafanana na vile vifuniko vya vali za baiskeli ninavyouza dukani. Amelala ameikumbatia.

Jumatano, 5 Machi

Meno ya Kasuku yamekuwa meusi tititi. Nilionywa, nikatia saini, na bado nimeshtuka. Akicheka nageuza uso — mama mzima! Dukani nimempa mteja tairi la namba siyo, mawazo yote yako kwenye bahasha. Kwa nini zisingebadilishana?

Mume wangu anasema mtoto ana miaka mitano, nani anamposa.

Lakini mchana Kasuku amekunywa maji baridi, glasi nzima, bila kushika shavu. Nilisimama na jagi mkononi nikimtazama. Basi na yawe meusi. Asante Mungu.

Jumapili, 9 Machi

Kimbembe! Mama mkwe alifika jana. Leo asubuhi nasikia kelele bafuni, nakuta amembana Kasuku kwenye sinki, kitambaa na chumvi mkononi, anasugua yale madoa mpaka fizi zinatoka damu. Alidhani siwapigishi mswaki wajukuu zake, akaamua kunisitiri kimya kimya.

Kasuku analia: "Bibi, usifute! Hilo kaburi la mdudu!"

Mama mkwe akaacha kusugua. Akauliza kaburi gani. Kasuku, mdomo umejaa chumvi, akamhutubia: mdudu wa jino amekufa, daktari amemzika pale, ukifukua atatoka. Mama mkwe akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akacheka hadi machozi.

Mimi nilikasirika. Dakika kumi hivi. Nilimpigia daktari, akasema mtoto asukutue tu, dawa imeshaingia ndani ya jino, chumvi haiwezi kuitoa. Hasira ikaisha. Baadaye mama mkwe alinifuata jikoni, akasema kwake yeye dawa ilikuwa koleo tu, watoto wake wote, na hakuna aliyemuuliza mtoto kitu. Akaniomba radhi. Mkwe wangu, aniombe radhi mimi! Nilimshika mkono. Nina bahati naye, niandike hilo nisije nikalisahau siku tukigombana.

Jumatano, 12 Machi

Kobe mara ya pili. Midomo imefungwa. Daktari alikaa naye sakafuni, wakavalisha kofia vidole, wakavalisha penseli. Kobe alicheka kwa pua. Hakufungua.

Daktari alinivuta pembeni. Jino moja limeoza karibu kufika kwenye mshipa. Tutajaribu tena Jumatatu. Ikishindikana, ni hospitali kubwa, apewe dawa ya usingizi, yang'olewe yote matatu. Nikasema basi tumshike kidogo tu, nitamshika mimi. Akatikisa kichwa. Kofia hii, alisema, naiweka mimi lakini mtoto ndiye anayeikaza, kwa kuuma mwenyewe. Siwezi kuuma kwa niaba yake.

Nyumbani nikapiga magoti mbele ya Kobe. Nikamwambia, mwaka jana nilikudanganya. Iliuma.

Aliigeuza kofia yake kiganjani.

"Sana," akasema.

Basi. Neno moja. Akaenda kucheza. Nimelia, lakini kifuani kumekuwa kwepesi.

Ijumaa, 14 Machi

Tuko mezani, Kasuku anatangaza: "Kobe anatafuna upande mmoja kama Mama."

Kijiko kikasimama njiani. Wote wakanigeukia. Nami nikafanya nini? Nikaziba mdomo kwa mkono! Mbele yao!

Ni kweli. Gego la juu, kulia. Lilianza kuoza kabla hawajazaliwa. Natafuna kushoto, nacheka nyuma ya kiganja. Mume wangu alijua, akachoka kunisihi. Mama mkwe akasema, miaka saba nilidhani una adabu.

Tulicheka wote. Kobe peke yake hakucheka. Aliendelea kunitazama mdomoni.

Jumatatu, 17 Machi

Naandika kwenye benchi la kliniki, mwandiko mbovu.

Kasuku ameangaliwa. Daktari aligonga madoa kwa chuma chake: ko, ko. Magumu. Uozo umesimama. Atapakwa tena baada ya miezi sita. Nilimshukuru daktari mara tatu, nesi mara mbili, na mtu mmoja aliyekuja kurekebisha bomba.

Kisha zamu ya Kobe. Aliingia na kofia yake kiganjani, akafika hadi kwenye kiti, akagusa mkono wa kiti. Nikajiambia leo ndiyo leo. Akageuka.

"Mama kwanza."

Nikasema mimi siumwi. Uongo mwingine, umetoka wenyewe! Kobe akasema, kwa sauti ya kusikika kabisa, "Limeoza. Upande huu." Akanionyesha kwenye shavu lake mwenyewe.

Daktari hakucheka. Alivua glavu, akatoa mpya. Akasema leo ataangalia tu, na kama kuna kitu kitauma ataniambia kabla. Nikaomba dakika moja. Nikatoka nje kama mwizi.

Sasa niko hapa. Nimejificha kwenye daftari. Mtu mzima, nauza minyororo ya baiskeli, nabishana na madereva wa malori. Mlango uko wazi nusu, naona vile viatu vya kijani vinasubiri, havinihimizi. Kila mtu hapa amekuwa mwema kwetu. Hakuna aliyenishika.

Kobe amenifuata. Halii. Amekaa kando yangu, ameniwekea kofia yake kiganjani, ina joto la mkono wake. Anasema inaweza kuuma kidogo. Anasema atanishika, mkono mmoja tu.

Anasema niweke kalamu chini.