Maziwa ya Kijani ya Morningside

Durban, Jumapili

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi na Shangazi Devota tu wazima, ila tumbo langu linanguruma tangu jana, na sababu yake utaisoma hapa chini. Mgongo wa Mama umepata nafuu? Na Bihogo, ameshazaa? Shangazi anamuulizia huyo ng'ombe kuliko anavyowaulizia ninyi.

Jana nilimsindikiza Shangazi kazini, Morningside, kwenye nyumba anayofanya usafi. Bado yuko kwenye mwezi wa majaribio, hivyo hata kikombe tunakishika kwa mikono miwili. Mama mwenye nyumba ana asili ya Ayalandi, na alialika wageni kwa sikukuu ya Mtakatifu Patriki. Nilidhani watasali. Hawakusali. Walivaa kofia za kijani, ndiyo rangi ya sikukuu hiyo, na ndevu bandia za rangi ya karoti. Kazi yangu ilikuwa kukata karatasi ziwe majani ya ncha tatu na kuyafunga kwenye viti kwa utepe. Hiyo niliipenda, nisiseme uongo.

Lakini dirishani, Baba, mwenye nyumba alikuwa amepanga chupa kumi na mbili za mdomo mpana, zimejaa maziwa. Maziwa halisi, ameyatia rangi ya kijani, eti pambo. Yalikaa juani tangu asubuhi, hakuna aliyeyanywa. Yalifanana na dimbwi wanamooga bata, na kufikia saa kumi yalikuwa yananuka. Mgeni mmoja alichovya ndevu zake bandia humo, wenzake wakacheka. Kwetu maziwa hayachezewi hivyo.

Wageni walipoondoka, mama mwenye nyumba akasema, "Mwageni yote kwenye sinki," akatoka. Shangazi alishika chupa ya kwanza, akairudisha dirishani.

"Siwezi," akaninong'oneza. "Bihogo wa kaka yangu ana mimba. Nikimwaga maziwa, naye atakauka, wazee walisema."

Akayakusanya yote kwenye ndoo yenye mfuniko, tuyabebe hadi nyumbani tukayagandishe yawe mtindi. Mama mwenye nyumba akatukuta nayo mlangoni.

"Devota, umeficha nini humo?"

Kiingereza cha Shangazi ni kidogo, akanitazama mimi. Nikaeleza yote, hata habari za ng'ombe.

"Mnaenda kuyauza," akasema. "Nani mwenye akili atakunywa uchafu huu? Kazi hapa imekwisha."

Nikachota kikombe, nikapiga goti kidogo kama ulivyonifundisha, nikanywa mpaka chini. Yalikuwa vuguvugu, machachu, na kitu kama unywele kilinikwama kooni. Nilikimeza.

Mama mwenye nyumba alifunika mdomo kwa kiganja. Nikamwambia kwa adabu, "Mwakani tia rangi kwenye maji, Mama. Mwanga utapita, yatapendeza zaidi."

Akaifunika ndoo kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akamwambia Shangazi, "Jumatatu saa moja, kama kawaida. Na ndoo yangu irudi."

Leo Shangazi amekula mtindi huo na ugali, amefumba macho. Mimi nimekataa.

Msalimie Mama, na Bibi mwenye kibuyu chake cha kusukia maziwa, na kaka yangu anayekamua asubuhi. Bihogo mwambieni azae salama, sehemu yangu nimeshaifanya. Nimejitazama kwenye kioo sasa hivi: ulimi ungali kijani, na kesho ni zamu yangu kusoma mbele ya darasa.

Ni mimi binti yako,
Anisia