Mjane Aliyecheka Makaburini

3 Machi

Mwanangu Chiriku,

Salamu nyingi sana. Mimi ni mzima, goti tu ndilo linalonipigia kelele nikipanda ngazi. Wewe hujambo? Mume wako je, na kazi ya wodini? Simu zangu hupokei tangu tumzike baba yako, mwaka sasa, kwa hiyo nimeona niandike. Barua huwezi kuikata katikati.

Nina habari ya kukuchekesha. Mkutubi wetu ameanzisha sinema kila Jumamosi alasiri kwenye ukumbi wa maktaba, akanipa kazi ya kushona kitambaa cheupe cha kuonyeshea picha. Mimi si fundi mapazia? Nikapima kama ninavyopima siku zote: kutoka kwenye fimbo mpaka shubiri moja juu ya kabati la vitabu, kisije kikafagia vumbi. Mshono umenyooka, pindo safi. Basi ikaletwa picha ya Kiitaliano, maneno yake yametafsiriwa na kuandikwa chini. Na chini hakuna kitambaa! Maneno yote yakawa yanaangukia migongo ya vitabu, hayasomeki hata moja. Mkutubi akainua mashine, maneno yakapanda kitambaani, lakini watu wakakatwa vichwa. Tukapiga kura, tukachagua vichwa.

Kwa hiyo tumetazama picha nzima bila kujua wanasema nini. Mume anaumwa, mke anafuta madirisha. Farasi anaingia jikoni, anakunywa maji kwenye beseni, anatoka, na hakuna anayeshtuka. Mke anaoga, wazi kabisa, picha haina haya hata kidogo. Mzee wetu mstaafu wa posta akainama kutafuta miwani ambayo ilikuwa usoni mwake. Kisha mume anakufa. Makaburini, jeneza likishuka, yule mke anavua viatu, anakaa kwenye udongo, anacheka. Anacheka mpaka picha inakwisha.

Mkutubi ana sharti lake: hatoki mtu mpaka aseme alichokiona. Weee! Kinyozi akasema mwanamke kamwekea mumewe sumu, na yale madirisha alikuwa anafuta ushahidi. Mstaafu akasema ni wazimu wa kawaida tu. Msichana wa duka la dawa akasema kafunguliwa kifungo, mwacheni acheke. Kinyozi akamjibu kwamba mchumba wake awe macho na chai anayopewa. Hapo wakasimama wote, viti viwili vikaanguka.

Na nimesikia kwa wifi yangu kwamba una mimba ya miezi mitano, na umemwomba yeye aje akuhudumie ukijifungua. Hongera, mwanangu. Nimefurahi na nimeumia. Nilitaka niwe mimi.

Ni mimi,
Mama yako

*

21 Machi

Mama, shikamoo.

Barua imefika. Mimi na mume wangu hatujambo, miguu tu inavimba kwa kusimama wodini. Pole na goti, usiache kulikanda.

Uliyosikia ni kweli. Shangazi atakuja mwanzoni mwa mwezi wa sita. Sitakuzungusha, Mama. Siku ya maziko ya baba kila mtu alilia, hata mchimba kaburi nilimwona anajifuta macho. Wewe ulisimama umekaza uso kama mtu aliye kwenye foleni ya benki. Nilikwambia palepale kwamba hukumpenda, na mpaka leo sijaona sababu ya kulirudisha neno hilo. Mtoto wangu akizaliwa nataka aliye karibu yangu awe mtu mwenye machozi.

Lakini umeandika kwamba hatoki mtu bila kusema. Ya wote umeyaandika, ya kwako umeyaruka. Wewe ulisema nini?

Mwanao

*

4 Aprili

Mwanangu Chiriku,

Natumaini uvimbe umepungua. Ukikaa, weka miguu juu ya kiti, na mume wako asione tabu kukuvutia hicho kiti. Mimi goti nalikanda kama ulivyoniagiza.

Umenichoma, ila angalau umeuliza jambo, na asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Zamu yangu ilipofika nilisema mimi nimeshona kitambaa tu, na kitambaa chenyewe mmekiona. Wakacheka, nikadhani nimepona. Kinyozi, yuleyule aliyemnyoa baba yako miaka yote, akasema, "Aa, huyu ndiye wa kuulizwa. Naye wa kwake hakumlilia." Mkutubi kwa kuona haya akaanza kukunja viti ambavyo watu walikuwa bado wamevikalia.

Nikasema hivi: "Nimemwangalia yule mama tangu mwanzo. Makaburi yamejaa watu. Padri anamkodolea macho, majirani wanamkodolea macho, na sisi huku tumekaa tunamkodolea macho. Hakuna hata mmoja aliyemsogelea akamuuliza, 'Mama, vipi?' Lakini mnajua ana sumu, mnajua ana wazimu, mnajua ana raha. Mmejuaje?"

Kinyozi akasema tungemuuliza vipi, na Kiitaliano hatukijui? Nikamwambia, "Na mimi je? Mimi si unanisikia?"

Nilichukua mkoba wangu nikatoka, nikapita kwake Jumatatu, akajifanya ananoa wembe. Nimemkasirikia, sikufichi. Na wewe nimekukasirikia pia, ila wewe nakupenda, na hapo ndipo penye kazi.

Kula vizuri.

Mama yako

*

15 Juni

Mama, shikamoo.

Nisamehe kwa kimya. Hujambo? Goti je? Mimi sasa natembea kama bata, na mtoto anapiga teke kila nikikaa kula. Shangazi amefika salama, amekwisha kupanga upya jiko langu lote, kijiko cha chumvi sikioni.

Barua yako niliiweka kwenye droo kwa hasira. Mwisho wa mwezi uliopita nikaona tangazo kwamba picha yenyewe itaonyeshwa huku, ukumbi mkubwa, maneno yote yanasomeka. Nikamngoja shangazi, juzi nikaenda naye. Nilitaka nisome, nijue yule mwanamke ana nini, kisha nikuandikie kwamba ulikosea.

Nimesoma yote, Mama. Wanaongea habari za chumvi, za bomba linalovuja, na nani ameacha lango wazi farasi akaingia. Ilipofika makaburini nikasogea mbele ya kiti, na tumbo langu hili. Hakuna neno. Hakuna mtu anayesema neno hata moja, mpaka taa za ukumbi zinawashwa. Nje watu wenye elimu zao waligombana vilevile kama ninyi, mmoja akaapa ni sumu.

Shangazi hakugombana na mtu. Tulipofika nyumbani akasema, "Mimi pia sikumuuliza mama yako."

Basi mimi nauliza. Siku ile, Mama, ulikuwaje? Nina hofu na jibu, lakini nauliza.

Mwanao Chiriku

*

24 Juni

Mwanangu Chiriku,

Wewe na huyo anayepiga mateke hamjambo? Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni, aliyeileta hata hajafika barabarani.

Nitakujibu, na usinihurumie ukisoma. Baba yako aliumwa miaka mitatu. Ulikuja sikukuu, ukamkuta ameogeshwa, shuka zimenyooshwa. Mimi ndiye niliyekuwa nikimgeuza, usiku na mchana, asipate vidonda. Mgongo wake nilikuwa naujua kuliko uso wangu. Nililia sana miaka ile, bafuni, maji yakiwa yamefunguliwa ili asisikie.

Jeneza liliposhuka nikawaza: leo simgeuzi. Nikaona raha, mwanangu. Raha kabisa. Kisha nikaona aibu ya hiyo raha, watu wote wamenizunguka, nikakaza uso isionekane. Na machozi yakabanwa humohumo. Ukaja wewe ukasema neno lako, sikuwa na la kujibu, kwa sababu raha nilikuwa nimeiona kweli.

Wiki ya tano nilikwenda dukani kununua kitambaa cha mteja. Mkono ukapima wenyewe suruali ya baba yako, kiuno na urefu, na muuzaji akawa ameshakata. Nililia pale mbele ya wateja mpaka muuzaji akanipa kigoda chake. Nilimpenda baba yako. Nilikuwa nimechoka naye na nilimpenda.

Wifi yangu namshukuru kwa lile neno. Abaki akuhudumie, ana mikono mizuri na watoto wachanga. Mimi nitakuja kumwona mtoto utakaponiita.

Mama yako

*

1 Julai

Mama yangu, shikamoo.

Sina nafasi ya salamu ndefu, mgongo umeanza kuuma. Neno lile nililokwambia siku ya maziko nalirudisha. Nisamehe.

Barua yako nilimsomea shangazi. Nilipofika pale ulipolia dukani alinyanyuka akaenda chumbani, nikadhani amekasirika. Nikamfuata. Nimemkuta anasogeza mito. Anasema kitanda ni kimoja, yeye atalala upande wa ukutani, wewe utalala upande wa mlangoni kwa sababu ya goti. Barua hii anakuja nayo kondakta wa basi la leo; la kesho asubuhi la kuja huku lina nafasi, mume wangu amepiga simu kuuliza. Njoo, Mama.

Mwanao