Mpe Jina Zuri

Nsemulwa, Mpanda
3 Februari 2025

Mwanangu Agatha, mama yangu,

Salamu nyingi. Natumaini hujambo na kazi zinakwenda. Nimekuficha jambo tangu Septemba, nalo ni ugonjwa. Ni kansa ya tezi dume, na imeshaingia kwenye mifupa. Daktari alinichorea kwenye karatasi mpaka nikaelewa. Mama yako mdogo Esteria alikuwa pembeni, anaikunja kanga yake na kuikunjua.

Sikuambii ili uache kazi uje mbio. Hujaja tangu tumzike mama yako mwaka 2019, na sikulaumu. Najua unavyoishi: leo Nairobi, kesho studio, keshokutwa unamhoji kijana aliyebuni programu ya simu ya kuuza mbolea. Esteria anasikiliza kila kipindi na kunisimulia. Anasema hao watu wa kampuni changa wote wanacheka namna moja.

Mahindi ya shamba la Ilembo yamebeba vizuri. Jioni nakaa mlangoni, wanafunzi wangu wa zamani wanapita na pikipiki. Wananipungia mkono, nami nawapungia.

Usinipigie simu, mtandao wa hapa ni mbovu. Niandikie barua kwa mkono wako, uipakie kwenye basi kama nilivyofanya mimi.

Baba yako

Dar es Salaam
21 Februari 2025

Baba,

Shikamoo. Vipi maumivu leo? Barua nimeichukua stendi ya Mbezi. Karani wa mizigo akaniuliza kama ni hati ya kiwanja, maana siku hizi nani anaandika barua. Nimeisoma ndani ya gari, nikachelewa kurekodi. Pole sana, baba. Tangu Septemba umekaa kimya hivi?

Nimepiga simu, hupokei. Meseji za sauti nilizokutumia zimekaa bila kufunguliwa. Na mtandao si mbovu. Mama mdogo nampata akiwa hapohapo uani kwako, namsikia mpaka na kuku wako.

Nina ombi. Kila wiki nawahoji watu wanieleze walivyoanza, ila wewe sijawahi kukuhoji. Nataka nikupigie Jumapili ya tarehe pili, saa kumi jioni, turekodi nusu saa tu. Usipotaka siirushi. Kompyuta yangu imejaa sauti za mabosi wa kila aina, ya kwako sina. Tukimaliza kazi wote wanaondoka, mimi nabaki na vifaa vya masikioni, nasikiliza wageni walioshakwenda makwao. Ningependa nibaki na wewe.

Tafadhali pokea.

Mwanao Agatha

Nsemulwa
9 Machi 2025

Mama yangu,

Salamu za hapa nyumbani. Bado nakula, uji asubuhi na mchuzi kidogo jioni. Sijui wewe kama unakula, Esteria anasema umekonda kwenye picha.

Nisamehe kwa Jumapili. Nilikuwa nimelala. Hata hivyo sauti yangu imekuwa kama mlango wa banda, haifai kuwekwa kwenye mitambo ya watu. Niulize maswali yako kwa barua, nitajibu yote, hata ya ujana wangu chuo cha ualimu.

Naambiwa kipindi cha juzi uliwahoji wasichana wa kiwanda cha maziwa. Hongera sana, mama.

Baba yako

Dar es Salaam
17 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Naomba Mungu akupunguzie maumivu.

Hukuwa umelala. Mama mdogo kaniambia uliishika simu mkononi, inaita, unaitazama.

Na hilo neno hongera naomba usiniandikie tena. Agosti 2023 nilikupigia nikiwa hospitali. Nilikwambia mtoto amezaliwa hana uhai. Nilisema mara mbili, kwa sababu kinywa changu chenyewe sikukiamini. Ukasema, "Hongera sana, mama. Mpe jina zuri." Nikanyamaza. Ukaongeza, "Amefanana na nani?" Nikakata.

Nimejiambia kila kitu. Kwamba ulichanganyikiwa. Kwamba ulinikasirikia kwa kuzunguka na mikutano mpaka wiki ya mwisho. Nilirudi studio kabla maziwa hayajakauka, nikamhoji mtu kuhusu mtaji, na hakuna aliyejua. Maelfu wananisikiliza, baba. Mmoja niliyemtaka aseme pole alisema hongera.

Swali langu la mahojiano ni hilo tu. Kwa nini? Usiponijibu, tuache kuandikiana.

Mwanao Agatha

Nsemulwa
28 Mei 2025

Agatha, mama yangu,

Marahaba. Mimi sijambo kwa maana ya kwamba kalamu bado naishika. Kitandani sitoki tena. Barua hii nimeianza tangu Machi, nikawa naichana.

Salamu zetu zina mpangilio. Unasema shikamoo, nasema marahaba. Unauliza afya, nasema sijambo. Unauliza nyumbani, nasema wazima. Mtu anaweza kujificha humo miaka. Kwenye simu nilikuwa napata mvumo tu, kama nyuki ndani ya mzinga. Mvumo ukikatika, najua ni zamu yangu.

Agosti ile tulikuwa tunamsubiri mtoto. Simu ilipotetemeka nikajua ni habari zake. Mvumo ulikuwa mrefu. Kulia na kucheka vyote kwangu vilikuwa kitu kimoja. Ulipokatika nikasema maneno niliyokuwa nimeyaandaa wiki nzima.

Esteria aliporudi kutoka Katumba alichukua chaki akaniandikia mlangoni: mtoto wa Agatha hakuishi. Nikamweleza nilichokujibu. Akaandika chini yake: shemeji, mwambie leo. Nikafuta. Maisha yangu yote nimechapa watoto kwa kosa la kutosikiliza. Niliona aibu kuwa mzee wa kupigiwa kelele mbele ya watu, tena mbele yako, ambaye sauti ndiyo kazi yako. Nikamwapisha Esteria asikwambie, nikakuacha na hongera ile mpaka leo.

Jumapili ya Machi nilikuwa macho. Niliishika simu mpaka ikaacha kutetemeka, kwa sababu nilijua ni wewe.

Pole, mwanangu. Pole sana kwa mtoto. Kama alikuwa na jina, niandikie, Esteria ataniwekea barua mbele ya macho.

Mimi ni kiziwi, mama. Vipindi vyako vyote nilivyovisifu, sijasikia hata kimoja.

Baba yako