Kunguru wa Ukoo Wenu

Baba Neema,

Wewe umepumzika, mimi umeniachia kunguru. Naanza na hilo kwa sababu limenikaa kooni tangu tukuzike.

Uongozi wa jengo umebandika onyo mlangoni: tukilisha ndege kwenye baraza tena, tunatolewa. Nyumba nyingine ya bei hii naipata wapi, hata hapa Thorncliffe Park, mtaa wa bei nafuu Toronto? Nilianza na cherehani moja nikafika duka, hesabu nazijua. Hii haitoki. Na mama yako hagusi chai mpaka ndege wale kwanza. Kila asubuhi, kwa Kiswahili chake alichookota Morogoro enzi za zahanati ya baba yako, walipotoka China: "Mama Neema, wamekula?"

Ulivyokuwa ukimsimulia Neema! Msichana wa mbinguni kashuka kuoga ziwani, ndege kamdondoshea tunda jekundu, kalila, kapata mimba, akamzaa babu wa ukoo wenu, Aisin Gioro, Wamanchu waliokuja kuitawala China. Baadaye ukoo ukachinjwa, akabaki mtoto mmoja anakimbia uwandani, pa kujificha hana. Ndege akatua kichwani pake. Maadui wakadhani kisiki, wakapita. Ndiyo maana mnawalisha. Ndege wenyewe, jamii ya kunguru wenye tumbo jeupe, Toronto hawapo, ukaamua hawa weusi wanatosha.

"Dar hawa ni wezi wa samaki," nikakwambia, "wewe unawafanya wakwe!" Ukacheka mpaka ukakohoa.

Nikakuletea hesabu. Babu anayejulikana kwenye historia ni chifu wa Wajurchen, watu walioitwa Wamanchu baadaye, kule mpakani na Korea, akauawa vitani. Vizazi kutoka kwake hadi mfalme wenu wa kwanza unavimaliza kwa vidole. Yule msichana humpangi popote. Ukanijibu, "Chifu alikuwa na jeshi, Mama Neema. Yule mtoto hakuwa na kitu."

Tangu onyo lije najibu, "Wamekula, mama," na bakuli lako la kuwalishia limefungiwa kabatini. Haoni vizuri. Anakunywa chai yake. Yangu naimwaga.

Leo kunguru akaja mwenyewe, akalia. Mama yako akasukuma kikombe. "Huyo anasema hajala."

Nikafungua kabati, nikatoka barazani na bakuli la mtama. Kule chini, kwenye maegesho, msimamizi wa jengo kainua uso. Nyuma yangu mama yako, mbele yangu yule bwana. Nikimbilie wapi? Kunguru akatua kwenye ukingo, karibu na mkono wangu. Sikusogea. Sikupumua. Baba Neema, nilikuwa kisiki.

Akatazama. Akatazama. Kisha yule bwana akaingia kwenye gari lake.

Kama aliniona, sijui. Ndani, mama yako alikuwa anakunywa chai, na mara hii sikuwa nimemwambia kitu.

Lala salama, mume wangu. Hesabu yangu ya vizazi siifuti, iko sawa. Ila mama yako simdanganyi tena. Tukitolewa, tunatoka wote watatu, mimi, Neema na yeye, na bakuli nitalibeba mimi.

Mama Neema