Mita Mia Tatu Kaskazini

Kaka Magesa,

Wanasema ulinunuliwa. Wanasema wafugaji walikupa ng'ombe ili usogeze mpaka. Jumanne nilisimama mbele ya vijiji vyote viwili nikasema si kweli, kisha nikasema kilicho kweli, ambacho kwako ni kibaya zaidi. Walikutukana hadharani, nami nakuandikia hadharani.

Wewe ndiye uliyenifundisha ramani. Nyumbani Butiama ulichukua kibuyu cha maziwa cha mama, ukakichora mistari kwa mkaa. Mmoja uliuzungusha tumboni. "Hii Ikweta." Mingine ukaishusha toka mdomoni hadi kwenye kitako. "Sisi tuko kusini ya Ikweta nyuzi moja na robo tatu hivi, na mashariki karibu thelathini na nne. Ukitaja namba moja hujasema kitu, mura, mdogo wangu. Taja zote mbili, hata mgeni atakufikia mlangoni." Mama alikukimbiza na mwiko, nawe ulicheka mpaka ukajikwaa.

Kazi yako ya mwisho ya upimaji ilikuwa kwenye mbuga nyuma ya Suguti, kati ya kijiji cha wakulima upande wa kaskazini na cha wafugaji upande wa kusini. Katikati kuna lambo, na walishakatana kwa ajili ya maji yake. Safari hii walikubaliana jambo moja: shiti ya zamani ya ramani, iliyotunzwa ndani ya bomba la plastiki kwa mwenyekiti, ndiyo haki. Ulisoma namba za mpaka kwenye shiti ile, ukaziingiza kwenye GPS, ukatembea hadi mashine iliposema umefika. Ukasimika bikoni ya zege, alama ya mpaka. Lambo likaangukia kwa wafugaji.

Wakulima walikuja kabla zege halijakauka. Nilikuwepo, nikikuandikia namba kwenye daftari.

"Sisi tulikuwaga tunalima hapa tangu babu!" Wambura, mmoja wao, alifoka. "Wamekulisha nini wewe?"

Ulimnyooshea GPS asome. "Mimi sibishani na setilaiti, ndugu yangu."

Alikukata panga mara mbili: mkono ulioshika mashine kwanza, kisha shingo. Ulianguka kifudifudi juu ya bikoni. Mshale wa mfugaji ukampata Wambura chini ya mbavu. Alichukua muda mrefu kufa kuliko wewe, akiuvuta kwa mikono miwili. Yowe lilipopigwa walifika wengine, na mapanga hayakupumzika hadi saa sita mchana. Mazizi yalichomwa ng'ombe wakiwa ndani.

Shemeji, mkeo, alinipa GPS yako kule Nyasura, damu ikiwa imekaukia kwenye vitufe. Niliipeleka Musoma kwa mpimaji mwenzako, pamoja na nakala ya shiti ile. Aliiwasha, akaitazama shiti, akakaa chini.

"Hakubadilisha," alisema.

Akanieleza. Namba za nyuzi zenyewe hazitoshi. Zinahesabiwa juu ya umbo la dunia ambalo wachora ramani wamelichagua. Shiti ya zamani ilitumia umbo moja, setilaiti zinatumia jingine. Namba zilezile, mahali pawili. Huku kwetu, ukizihamisha bila kubadilisha, unatua karibu mita mia tatu kaskazini ya unapotakiwa. Kubadilisha ni kuchagua mstari mmoja tu kwenye menyu ya mashine.

Shemeji alinikataza. "Acha wamwite mla rushwa. Mla rushwa amekufa, yameisha. Ukisema alikosea, damu yote itaulizwa kwa watoto wangu." Nilimwelewa. Lakini wakulima walikuwa wananoa tena, na wafugaji walikuwa wanailinda bikoni yako kwa pinde.

Kwa hiyo Jumanne nilisema. Jiwe la kwanza lilinipata sikioni. Kabla ya la pili, mama yake Wambura alinijia akasimama karibu nami kiasi kwamba wangempiga yeye.

"Kwa hiyo mwanangu kafa kwa menyu ya simu?"

"Ya GPS, mama. Ndiyo."

"Na pale alipoangukia, ni kwetu au kwao?"

"Ni kwenu. Mpaka wenyewe uko mita mia tatu kusini yake."

Aliwageukia vijana wa kijiji chake. "Mmesikia? Alikuwa kwake. Na huyo mpimaji mlimkata kwa kosa la kusoma, mkasema ni mwizi. Wekeni mapanga chini, mbwa nyie!"

Hawakuweka wote. Walioweka walitosha. Alhamisi wapimaji wa wilaya waliing'oa bikoni kwa sururu, wafugaji wakiwatazama, pinde zikiwa begani. Zege lilikuwa na doa. Wakasimika nyingine kusini, lambo likarudi kwa wakulima, na siku hiyo hakuna aliyekufa.

Sikukusafisha, kaka. Nimekuondolea rushwa, nimekuachia kosa, na kosa hilo limeua watu. Shemeji hasemi nami. Ningenyamaza ungebaki mwizi, na vijana wengine wangezikwa juu ya uongo huo. Pumzika, ukijulikana kwa ulichokifanya na si zaidi.

Mdogo wako.