Njia ya Mlimani Inapita kwa Mama Mkwe

Jumatano, 6 Agosti

Chai ya kujipikia tena. Imeungua. Sikujua chai huungua. Mke wangu Moraa yuko kwao Manga tangu wiki jana, na yote kwa sababu nilisema mbele ya wageni kwamba mboga zake za chinsaga zinafaa ng'ombe. Wageni walicheka. Yeye hakucheka.

Kutuma wazee wakamrudishe ni kukiri kosa. Sikiri ng'o. Lakini watu wanatoka mpaka Nairobi kuja kupanda mlima wa Manga, na njia ya kupandia inapita katikati ya shamba la chai la kina Moraa. Mpanda mlima akionana na mkewe kwa bahati, kosa liko wapi? Nimenunua viatu vya mlima kwa Mhindi pale mjini Kisii. Vyekundu. Vingine havikunitosha.

Alhamisi, 7 Agosti

Manga. Nimepanga chumba gesti. Anayewapandisha wageni ni Mwalimu Nyakundi, mstaafu. Ana jina la kila jiwe na hanyamazi. Akauliza natoka wapi. Nikasema Nakuru. Akanitazama sana. Kiswahili changu ni cha kwetu Masimba, hapa hapa Kisii, hata kiziwi angejua.

Tumepanda. Kifua kilitaka kupasuka. Tulipokaribia boma la kina Moraa, huyo mama mkwe anateremka na kikapu cha majani chai mgongoni. Njia nyembamba. Nikaruka nikazama kwenye michai. Mwalimu aliendelea kunieleza habari za jiwe fulani, na mimi sipo.

Ijumaa, 8 Agosti

Mama mkwe tena, anatoka kisimani. Nimeruka upande wa pili. Kuna majani yanayowasha upande wa pili.

Nani alitunga desturi hii ya kumkimbia mama mkwe njiani? Hakuwa na mke aliyekwenda kwao.

Jumamosi, 9 Agosti

Leo nilijiona mjanja. Mama mkwe ni Msabato, Jumamosi hakosi kanisani. Nikapanda nikiimba. Boma kimya. Kumbe Moraa naye ni Msabato. Miaka yote hii nalala na mwanamke huyu.

Mbwa ndiye aliyebaki. Alinifukuza karibu mpaka kileleni. Mwalimu anasema hajaona mtu wa Nakuru mwenye mbio vile.

Huko juu unaona Kisii yote, mabati yanang'aa. Nilikaa peke yangu nikaona uchungu. Namtaka mke wangu arudi. Basi, nimeandika.

Jumapili, 10 Agosti

Nilipanda bila Mwalimu. Mvua ya mawe ikanikuta karibu na boma. Nikakimbilia banda la ng'ombe. Ndani, mama mkwe anakamua.

Nje mawe, ndani mkwe. Nikageukia ukuta. Naye akanipa mgongo. Ng'ombe katikati. Tukakaa hivyo mpaka nikaanza kuumwa shingo.

Kisha akaanza kuzungumza na ng'ombe. Polepole, kwa adabu. "Wewe, kuna mtu wa viatu vyekundu anavunja michai yangu kila siku. Mwambie mke harudishwi kwa kurukaruka vichakani. Mwambie pia wewe chinsaga hujawahi kupewa hata siku moja. Ni chakula cha watu."

Aibu ilinishika mpaka miguuni. Nami nikamwambia ng'ombe: "Mwambie mama nimekosa."

Ng'ombe akaendelea kula.

"Mwambie," akasema mama, "mkewe yuko jikoni."

Jumatano, 13 Agosti

Nyumbani. Mvua kidogo. Viatu viko nje, vimeganda tope. Moraa alitoa sharti moja tu: wageni walewale waitwe tena. Wamekuja, wamekaa viti vilevile. Chai haikuungua.

Chinsaga zilikuwa chungu kama kawaida. Nimeomba kuongezwa, kwa sauti, wote wakisikia.